Redio ya CB kwenye pikipiki: kuifunga, kuipima na kuongea nayo barabarani

Mtu akilalamika kwamba redio ya CB kwenye pikipiki yake haifiki mbali, au inakoroma tu kutwa nzima, mara nyingi redio yenyewe ni nzima. Ugonjwa uko kwenye antena, kwenye waya wa hasi au kwenye plagi. Kwa hiyo hapa hatutazunguka sana na aina za redio. Tutakaa kwenye umeme, antena na kelele, maana hapo ndipo Boxer, TVS au Honda ya cc 125 inapotofautiana kabisa na lori.

CB (kifupi cha Citizens Band, yaani masafa ya wananchi) ni redio koli ya masafa ya 27 MHz. Ina chaneli 40, ya kwanza ikiwa 26.965 MHz na ya arobaini 27.405 MHz, na kwa AM, namna yake ya kawaida ya kurusha sauti, inarusha kwa wati 4 tu. Wamarekani waliyafungua masafa haya kwa wananchi wa kawaida mwaka 1958, wakaongeza chaneli kutoka 23 hadi 40 mwaka 1977. Madereva wa malori wakaizoea, na pikipiki kubwa kama Honda Gold Wing zikawa zinafungwa redio hizi kama kifaa cha ziada. Lakini Gold Wing ina betri kubwa, jenereta yenye nguvu na mwili mpana. Pikipiki zetu hazina hata kimoja kati ya hivyo, na ndiyo sababu maelekezo ya kwenye boksi hayatoshi.

Anza na kibali, si dukani

Hapa Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inaweka matumizi ya masafa ya redio chini ya leseni za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na vifaa vyenyewe vinatakiwa viwe vya aina iliyoidhinishwa. Andika pembeni jina na modeli ya redio unayoitaka, masafa yake na nguvu yake kwa wati, kisha uliza TCRA, Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, kabla hujalipa hata senti. Ukiagiza kwanza na kuuliza baadaye, mzigo unaweza kukwama forodhani na hela yako ikakwama nao. Redio iliyochezewa ikaongezwa chaneli, au inayouzwa pamoja na kikuza nguvu, iache hukohuko. Mbali na sheria, kikuza nguvu cha wati 100 kinavuta zaidi ya ampea 10, na jenereta ya pikipiki ndogo haiwezi mzigo huo.

Jiulize pia kama unaihitaji. Kwa kazi ya kupeleka mizigo Kariakoo na Mikocheni, simu inatosha. Kwa watu wawili, dereva na abiria, intakomu ya bluetooth ya kwenye helmeti ni nafuu na haina usumbufu. CB inaanza kulipa pale pikipiki nne hadi kumi zinapotoka pamoja kwenda Bagamoyo, Morogoro au njia ya Kilwa, zikiwa na gari la msaada nyuma, na mnataka wote msikie kwa mara moja bila salio wala mnara. Pikipiki kwa pikipiki, kwenye barabara ya wazi, tegemea kilomita 2 hadi 4. Katikati ya maghorofa ya Posta kilomita moja ni bahati.

Redio gani

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni redio ya mkononi yenye adapta ya gari, kama Midland 75-822: unaivua ukifika, haiibiwi, na ukiweka betri zake unaongea hata pikipiki ikiwa imezimwa. Ya pili ni redio ndogo ya gari ambayo vitufe vyote viko kwenye kipaza sauti, kama Cobra 75 WX ST, sanduku lake unalificha chini ya kiti. Ya mkononi ndiyo rahisi kuanza nayo. Ila antena yake fupi ya mpira iweke kabatini, kwani ukiwa barabarani itakupa mita mia chache tu. Utahitaji antena ya nje kwa vyovyote.

Zote mbili hazipendi maji. Mvua ya masika haina mzaha, na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira si suluhisho: unafungia jasho ndani, redio inapata kutu ikiwa imefunikwa. Tafuta mfuko wa tenki wenye zipu na tundu la waya upande wa chini, au boksi dogo la plastiki lililotobolewa matundu mawili kwenye kitako ili unyevu utoke.

Umeme: pima kabla hujaunga

Chukua mita ya umeme, iweke kwenye volti za DC (umeme wa betri, unaokwenda upande mmoja), na upime moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Washa injini, vuta mafuta kiasi cha mwendo wa barabarani, usome tena: inatakiwa iwe kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, haichaji. Ikipanda juu ya 15, rektifaya (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji) imekufa au inakaribia kufa, na redio iliyotengenezwa kwa volti 13.8 utaiua siku ileile uliyoifunga.

Hapa kuna jambo ambalo boda wengi wanalo bila kulijua. Betri ikifa, mtu anaendelea kupiga kiki miezi sita bila kununua nyingine, na pikipiki inatembea vizuri tu. Betri ile ilikuwa inafanya kazi mbili, kuhifadhi umeme na kuulainisha. Ikishakufa, volti zinaruka juu na chini kila unapovuta mafuta. Taa ya breki inavumilia, redio haivumilii. Kama betri imekufa, nunua betri kwanza.

Betri za pikipiki hizi huwa kati ya 2.5 na 9 Ah. Redio ikisikiliza tu inakula karibu ampea 0.4, ukibonyeza kuongea inapanda hadi karibu 2. Kwa betri ya 5 Ah, saa sita za kusikiliza huku injini imezimwa ni nusu ya betri imekwenda. Ukisimama kula chipsi Chalinze, zima redio.

Waya wa redio uunge kwenye betri moja kwa moja, si kwenye waya wa taa kubwa. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa inalishwa na koili za jenereta kwa umeme wa AC, yaani unaogeuka mwelekeo kila mara, ambao haujapitia betri kabisa. Ndiyo maana mwanga wake unapanda na kushuka na injini. Ukiunga redio hapo utasikia mlio wa nyuki, kisha moshi.

Utaratibu wa kuunga ni huu:

1. Ondoa waya wa hasi wa betri kwanza. Spana ikigusa chesisi wakati unafungua chanya, hakuna cheche.
2. Pitisha waya wa chanya wa mm² 1.5, wenye nyuzi nyingi laini, kutoka betri hadi chini ya kiti. Weka fyuzi ya ampea 3 ndani ya sentimita 15 kutoka betri. Fyuzi iliyo karibu na redio inailinda redio tu. Waya ukichunika njiani, unaungua wote kabla fyuzi haijajua.
3. Weka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya kawaida ya volti 12 yenye miguu minne. Mguu namba 30 unapokea chanya iliyopita kwenye fyuzi, 87 unakwenda kwenye redio, 85 kwenye hasi, na 86 kwenye waya unaopata umeme ukifungua swichi, kwa mfano ule unaolisha honi au swichi ya breki. Pima kwanza kwamba waya huo ni DC. Ukiunga 86 kwenye waya wa AC, rilei itatetemeka kama kengele ya shule.
4. Waya wa hasi wa redio nao upeleke hadi kwenye betri. Usiufunge kwenye bolti yoyote ya chesisi iliyopakwa rangi kwa sababu tu iko karibu.
5. Funga waya zote kwa vifungo vya plastiki kila baada ya sentimita 15, mbali na ekzosi na mbali na shingo ya usukani. Kata usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Waya ukivutika hata kidogo, urefushe.
6. Rudisha hasi ya betri na uwashe.

Rilei si anasa. Bila hiyo utasahau redio imewashwa, na asubuhi utapiga kiki.

Antena ndiyo redio yenyewe

Wimbi la 27 MHz lina urefu wa karibu mita 11. Antena kamili ya robo wimbi ni mita 2.75, ambayo kwenye pikipiki ingekuwa inapiga matawi ya miembe. Kwa hiyo tunatumia fimbo ya mita 1 hadi 1.3 yenye koili ndani, inayoidanganya redio kwamba ni ndefu. Gharama ya udanganyifu huo ni kwamba inakubali masafa membamba tu, na inahitaji kupimwa vizuri kuliko ile ndefu.

Shida ya pili ni kubwa zaidi. Antena ya robo wimbi ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati lililo chini yake. Lori lina kichwa cha chuma na bodi ya mita sita. Pikipiki ina tenki, chesisi na keria, na mara nyingi vipande hivyo havishikani vizuri kwa umeme kwa sababu ya rangi, kutu na mipira ya kuzuia mtetemo. Hapo njia ni mbili:

Ukinunua antena iliyotengenezwa mahususi kwa vyombo visivyo na bati, aina inayouzwa kwa boti na pikipiki, inakuja na kebo yake. Kebo hiyo, ambayo mara nyingi ni ya karibu mita 5.5, ni sehemu ya antena. Usiikate. Fundi atakwambia waya umezidi, acha tuufupishe. Mkatalie. Iliyobaki izungushe kwa umbo la namba nane, yenye urefu wa kama sentimita 30, na uifunge kwa ulegevu chini ya kiti.

Ukitumia antena ya kawaida ya gari, basi tengeneza bati. Kwangua rangi ya keria pale kishikio cha antena kinapokaa mpaka chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza. Kisha unga keria na chesisi, na chesisi na hasi ya betri, kwa waya mpana uliosukwa. Bolti za keria pekee hazitoshi. Kama kipimo cha SWR, tutakachokifikia hapo chini, bado kinagoma, ongeza waya wenye ganda, urefu mita 2.7, ncha moja ikishikana na kishikio cha antena, mwingine wote ukitambaa chini ya kiti na kando ya chesisi, ncha yake ya mwisho ikiwa imefunikwa na tepu bila kugusa chuma. Huo unasaidia kusimama mahali pa bati lisilokuwepo. Kebo ya antena ya kawaida ni RG-58 ya omu 50, na hii unaweza kuikata kwa urefu unaokufaa. Mita 2 zinatosha. Usiweke kebo ya dishi la televisheni, hiyo ni ya omu 75.

Mahali pa kufunga: nyuma ya keria, upande wa kushoto au kulia kabisa, mahali ambapo abiria akigeuza kichwa fimbo haimchomi jicho. Bati la kishikio liwe la chuma cha milimita 3. Jembamba zaidi linapasuka kwa mtetemo ndani ya wiki chache, hasa kwa barabara za ndani za Goba na Kivule. Ncha ya fimbo ivike kipira. Na abiria aambiwe kabisa asiishike fimbo hiyo kama mkongojo, kwa sababu wakati unarusha inaweza kumuunguza ngozi.

Kupima SWR

Hiki ndicho kipimo kinachokwambia ni kiasi gani cha nguvu kinarudi nyuma badala ya kutoka hewani. 1.5 kushuka chini ni safi. Kufikia 2 unaweza kuishi nayo. Zaidi ya 3 usibonyeze kitufe cha kuongea tena, unaipika transista ya mwisho ya redio. Mita ya SWR ya 27 MHz ni kitu kidogo chenye matundu mawili nyuma na swichi mbele. Kikundi kizima kinaweza kununua moja.

Toa pikipiki nje, mbali na kuta, mageti ya chuma na magari, angalau mita 5 kila upande. Isimamishe kwa stendi ya kati. Mtu akae juu yake kama anavyokaa akiendesha, kwa sababu mwili wa binadamu umejaa maji ya chumvi na kipimo kinabadilika kabisa akishuka. Mpimaji asimame pembeni. Unga mita kati ya redio na kebo ya antena kwa kebo fupi, kisha:

Weka chaneli 20. Swichi ya mita iwe upande wa kwenda mbele. Bonyeza kuongea bila kusema kitu, zungusha kitufe mpaka mshale ufike mwisho wa mstari ulioandikwa SET. Ukiwa bado umebonyeza, geuza swichi upande wa kurudi nyuma, soma, achia. Isizidi sekunde kumi. Rudia kwa chaneli 1 na chaneli 40, ukiseti mshale upya kila mara, na uandike namba tatu.

Sasa zisome hivi. Kama chaneli 1 iko juu kuliko chaneli 40, tuseme 2.4 kwa 1.7, antena ni fupi. Kama chaneli 40 ndiyo iko juu, antena ni ndefu. Kama 1 na 40 zinalingana na 20 iko chini yao, umemaliza. Kama zote tatu ziko juu ya 3, usiguse urefu kabisa: hapo hakuna bati, au kebo ina shoti, au kishikio kimefungwa bila kile kipira cha plastiki kinachotenga fimbo na chuma.

Antena ndefu hupunguzwa kwa kulegeza skrubu ndogo na kuishusha fimbo. Ikiisha nafasi, ikate milimita 3 kwa mara moja kwa msumeno wa chuma, laini kwa tupa, pima tena. Milimita 3, si sentimita 3. Iliyokatwa hairudi, na duka la fimbo za ziada haliko Kariakoo.

Kuhusu viunganishi: ukikuta tatizo linakuja na kuondoka ukitikisa kebo, fungua kiunganishi cha PL-259, kile cha kuskurubu kilicho kwenye ncha ya kebo ya antena. Mara nyingi utakuta uzi wa kati umechomwa lehemu vizuri, lakini wavu wa nje umebanwa tu bila lehemu. Unashika kwa wiki mbili, mtetemo unaulegeza, basi. Uchome na wenyewe, na chuma chenye moto wa kutosha, maana chuma cha wati 25 kinaishia kuyeyusha plastiki ya ndani kabla kiunganishi hakijapata joto.

Kelele

Redio imewaka, kipimo ni 1.4, lakini ukiwasha injini husikii mtu. Usianze kununua vichujio. Fanya jaribio hili la dakika mbili: injini ikiwa inawaka, chomoa kebo ya antena nyuma ya redio, na usibonyeze kuongea. Kelele ikikata, ilikuwa inaingia kwa antena. Ikibaki, inapita kwenye waya wa umeme.

Kisha sikiliza sauti yake. *Tak-tak-tak* inayoongezeka kasi ukivuta mafuta ni plagi. Angalia namba ya plagi yako: NGK huweka herufi R kwa zile zenye kizuizi (rezista ya kupunguza kelele za redio) ndani, kwa hiyo D8EA haina na DR8EA inacho. Wauza spea wakati mwingine hukupa yoyote inayoingia kwenye tundu. Badilisha, na uweke pia kepu ya plagi yenye kizuizi cha kilo-omu 5. Hizi mbili pekee humaliza sehemu kubwa ya tatizo. Waya wa koili uliopasuka nao hulia hivyohivyo. Utazame usiku gizani injini ikiwaka, cheche ndogo za buluu utaziona kwa macho.

Mlio mwembamba kama mbu, unaopanda na injini, ni wa kuchaji. Zungusha waya zote mbili za umeme, chanya na hasi pamoja, mara tano hadi saba kwenye duara la feraiti (pete nyeusi ya kuzuia kelele za redio) karibu na redio, na uweke kapasita ya mikrofaradi 2200 ya volti 25 kati ya chanya na hasi. Angalia alama ya hasi kwenye kapasita, ukiigeuza inapasuka.

Mvumo usiobadilika, uwe umewasha injini au hujawasha, ndio unaowasumbua watu wengi wa hapa mjini, na mhusika anakuwa amekaa kwenye usukani: chaja ya USB ya simu, au zile taa za LED za kumulika za bei rahisi. Ndani yake kuna saketi inayokatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na uchafu wake unafika hadi 27 MHz. Chomoa kimoja kimoja mpaka mvumo unyamaze. Hakuna kichujio kinachoitibu chaja mbovu, nunua nyingine au chaji simu ukiwa hutumii redio. Mvumo unaokuja ukipita chini ya nguzo za umeme na kupotea mita hamsini mbele hauna dawa. Vumilia, au zungusha skwelchi, kile kitufe cha kunyamazisha redio mpaka ije sauti yenye nguvu.

Kitu kingine si kelele. Kwenye miaka ambayo jua lina madoa mengi, mchana hadi jioni masafa ya 27 MHz hufunguka na utasikia watu wa nchi za mbali kabisa wakiongea juu ya sauti zenu. Hujaharibu kitu. Pandisha skwelchi mpaka wanyamaze, na mkae karibu karibu barabarani.

Helmeti, kipaza sauti na kitufe

Kipaza sauti kikae karibu na mdomo kiasi kwamba ukiubinua unagusa sponji yake. Kikikaa sentimita tano mbali, wenzako watasikia upepo na wewe kwa mbali. Helmeti ya wazi kwa mbele haifai kwa kazi hii ukivuka kilomita 60 kwa saa.

Spika weka sikio la kushoto peke yake. Tunaendesha kushoto, anayekupita anatoka kulia, na honi ya basi la mkoani unatakiwa uisikie kabla hajafika ubavuni. Kama umezoea kuweka spika mbili, sauti ya kulia ishushe.

Kitufe cha kuongea kifungwe kwenye usukani wa kushoto, kidole gumba kikifikie bila kuachia mpini, lakini kisikae juu ya swichi ya indiketa wala honi. Mkono wa kulia una mafuta na breki ya mbele, usiupe kazi ya tatu. Ile namna ya redio kurusha yenyewe ikisikia sauti izime: upepo ni sauti, na utaziba chaneli kutoka Kibaha hadi Mlandizi bila kujua. Waya wa helmeti uwe wa kujikunja, na kiunganishi chake kiwe cha kuchomoka kwa kuvutwa. Ukianguka, helmeti na pikipiki lazima ziachane.

Kuongea

Bonyeza, hesabu nusu sekunde, ndipo useme. Asiyesubiri anakatwa neno la kwanza, na neno la kwanza ndilo huwa "kushoto" au "kulia". Sema jambo lisilozidi sekunde tano, achia. Kwa AM wawili wakibonyeza pamoja hasikiki hata mmoja, inatoka filimbi tu, kwa hiyo atakayesikia filimbi aseme "rudieni, mmoja mmoja".

Msafara uwe na kiongozi na mkia, na hao wawili ndio wanaoongea zaidi. Wengine wapewe namba, si majina, kwa kuwa namba zinasikika vizuri kwenye upepo. Kubalianeni chaneli moja na ya akiba kabla ya kuondoka Mbezi. Mfano wa maongezi yanayotosha:

"Mkia, kiongozi. Shimo kushoto baada ya tuta. Ova."
"Nimekupata. Namba nne amebaki, tunapunguza."
"Roja, nasimama sheli inayofuata, upande wetu."

Usibonyeze ukiwa unapita gari, ukiwa ndani ya mzunguko, au kwenye foleni ya Ubungo ambapo mkono wa klachi una kazi. Ukiingia sheli, zima redio kabla hujafungua mfuniko wa tenki. Radi zikianza, acha kuongea, chomoa kebo na msimame ndani ya jengo. Marekani chaneli 9 ni ya dharura. Hapa usitegemee kwamba kuna mtu anaisikiliza. Ajali ikitokea, piga 112 kwa simu.

Chumvi na mvua

Ukikaa Kigamboni au Mbezi Beach, upepo wa bahari unaingia kwenye kiunganishi cha antena hata bila mvua. Paka grisi nyembamba kwenye nyuzi za skrubu, kaza, kisha funika kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukianza chini kwenda juu ili kila mzunguko ufunike ulio chini yake kama makuti. Tepu ya umeme ya kawaida inayeyuka gundi kwa jua la Dar. Kebo iache ining'inie kidogo chini ya kiunganishi kabla haijapanda, maji yadondokee hapo badala ya kuifuata hadi kwenye redio.

Kila baada ya miezi mitatu, na mara tu baada ya masika, fungua kiunganishi utazame wavu wa ndani. Ukiwa umegeuka kijani au mweusi, kata sentimita 10 na uchome upya, isipokuwa kama ni ile kebo isiyokatwa. Hiyo inabadilishwa yote. Kisha pima SWR tena kwenye chaneli zilezile tatu na ulinganishe na namba ulizoandika siku ya kwanza.